Gawio la asilimia 14 au la asilimia 3: lipi litakutunza baada ya miaka 20?

Msomaji ameuliza: "Nina miaka 40, nimeajiriwa. Nina akiba ya dola 10,000 na kila mwezi naweza kuongeza dola 500. Nataka nikifika miaka 60 niwe na kipato cha gawio kinachoingia bila kutegemea mshahara. Nimeona kampuni mbili. Ya kwanza gawio lake ni asilimia 14 ya bei ya hisa, ya pili ni asilimia 3 tu. Rafiki yangu anasisitiza ninunue hiyo ya asilimia 3. Sielewi mtu anaachaje 14 achukue 3. Kuna kitu sikioni?"

Ndugu yangu, kipo, na kimejificha ndani ya hiyo asilimia yenyewe. Kampuni haitangazi asilimia. Inatangaza kiasi cha fedha itakachowagawia wenye hisa kwa kila hisa moja, na hicho ndicho gawio. Asilimia unaipata wewe, au dalali wako, kwa kuchukua gawio la mwaka na kuligawanya kwa bei ya hisa ya leo. Kwa hiyo namba hiyo hupanda kwa njia mbili: ama gawio limeongezeka, ama bei imeporomoka.

Chukua hisa iliyokuwa ikiuzwa dola 100 na kutoa gawio la dola 5. Hiyo ni asilimia 5. Bei ikianguka hadi dola 36, gawio lile lile la dola 5 linasomeka karibu asilimia 14. Kampuni haijaongeza hata senti moja. Kilichotokea ni kwamba waliokuwa na hisa hizo wameziuza kwa wingi, na sababu kubwa ya kuziuza ni kwamba hawaamini kama dola 5 nyingine zitakuja mwakani. Wanaweza kuwa wamekosea, na mara chache hukosea kweli. Lakini unaponunua hisa ya namna hiyo, ujue unabishana na watu waliozisoma hesabu za kampuni kabla yako. Basi ingia kwenye ubishi huo ukiwa na hoja.

Mimi niliwahi kuingia bila hoja. Miaka ya mwanzo ya uwekezaji wangu nilinunua hisa za kampuni moja iliyokuwa ikitoa gawio la zaidi ya asilimia 12, na nilichosoma ni namba hiyo tu. Nilipokea malipo mawili. La tatu halikuja, ikaja barua ya kueleza kwamba bodi imeamua kulinda fedha taslimu za kampuni. Bei ikashuka tena siku hiyo hiyo, nikawa nimepoteza mara mbili. Ukurasa wa madeni ulikuwemo kwenye taarifa ya mwaka muda wote. Sikuufungua.

Ipo pia asilimia kubwa isiyotokana na matatizo, nayo hupotosha vilevile. Mwaka 2004 Microsoft ililipa gawio maalumu la dola 3 kwa kila hisa, jumla dola bilioni 32 hivi. Aliyejumlisha malipo ya mwaka ule na kuyagawanya kwa bei aliona zaidi ya asilimia 10. Gawio la kawaida la kampuni hiyo wakati huo halikufika hata asilimia 2. Fedha ile ilikuwa ya mara moja, na haikurudi mwaka uliofuata. Kampuni za migodi, mafuta na meli zina tabia inayofanana na hiyo: bei ya bidhaa ikipanda sana hulipa gawio nono, na bei ikigeuka gawio husinyaa. Kwa hiyo jambo la kwanza, itazame hiyo kampuni yako ya asilimia 14 uone imelipa nini kila mwaka kwa miaka 10. Mwaka mmoja hauelezi kitu.

Sasa tuweke hesabu mezani, na nitaiweka yote, hata ile sehemu isiyonisaidia mimi katika hoja yangu. Tuseme unaweka dola 10,000 kwenye kampuni ya asilimia 14. Unapata 1,400 mwaka wa kwanza, 1,400 mwaka wa pili, kisha gawio linakatwa nusu na kubaki 700 kila mwaka bila kukua. Kwa miaka 20 utakuwa umepokea 15,400. Upande wa pili unaweka dola 10,000 kwenye kampuni ya asilimia 3 inayoongeza gawio lake kwa asilimia 7 kila mwaka. Unaanza na 300. Kwa miaka 20 utakuwa umepokea kama 12,300.

Unaona? Hata baada ya kukatwa nusu, kampuni ya kwanza imekulipa fedha nyingi zaidi. Watu wengi wanaotetea gawio dogo hawaigusi sehemu hii, na ndiyo maana wenye macho ya hesabu hawawaamini. Lakini angalia mwaka wa 20 wenyewe, maana wewe umeniuliza kuhusu kipato utakachokuwa nacho ukifika miaka 60. Mwaka huo kampuni ya kwanza inakulipa 700, ya pili inakulipa karibu 1,085. Ya pili iliipita ya kwanza mwaka wa 14, na kuanzia hapo pengo linazidi kupanuka. Kisha angalia mtaji. Kama soko litaendelea kuipa kampuni ya pili bei inayofanya gawio lake liwe asilimia 3, hisa zako zitakuwa na thamani ya kama dola 38,700. Za kampuni ya kwanza, ikiwa soko linadai asilimia 10 kwa gawio lisilokua, zitakuwa na thamani ya dola 7,000. Hapo ndipo rafiki yako anaposimama, hata kama hakukueleza.

Halafu kuna mfumuko wa bei. Bei za vitu zikipanda kwa asilimia 5 kwa mwaka, fedha ambayo haiongezeki hubakiwa na uwezo wa kununua wa asilimia 38 hivi baada ya miaka 20. Yale 700 ya mwaka wa 20 yatanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa takriban 264. Mtu anayetaka kipato cha uzeeni hawezi kuridhika na gawio linaloganda.

Mfano halisi wa gawio linalokua ni ule wa Berkshire Hathaway, kampuni iliyoongozwa na Warren Buffett. Ilimaliza kununua hisa zake za Coca-Cola mwaka 1994, zote kwa dola bilioni 1.3. Mwaka ule ilipata gawio la dola milioni 75, sawa na chini ya asilimia 6 ya fedha iliyotumia. Haikununua hisa nyingine za kampuni hiyo. Mwaka 2022 gawio la hisa zile zile lilikuwa dola milioni 704. Kwa fedha iliyotoka mfukoni mwanzoni, hiyo ni zaidi ya asilimia 50 kwa mwaka mmoja. Ukuaji uliofanya kazi hiyo ni wa kama asilimia 8 tu kwa mwaka, kwa miaka 28. Hapakuwa na ujanja wowote zaidi ya kukaa na hisa.

Ila nisingependa uondoke hapa ukatafute "Coca-Cola yako" uweke akiba yote humo. Ni rahisi kuitaja kampuni iliyoshinda baada ya mbio kumalizika. General Electric, kampuni kubwa ya viwanda ya Marekani, nayo ilihesabiwa kuwa nguzo. Tangu mwaka 1938 haikuwahi kupunguza gawio, mpaka Februari 2009 ilipolitoa kwenye senti 31 kwa robo mwaka hadi senti 10. Ikalipandisha tena taratibu, wengi wakarudi, na mwaka 2017 ikalikata nusu, kutoka senti 24 hadi 12. Mwaka uliofuata likawa senti 1. Mstaafu aliyetegemea kampuni hiyo peke yake alipoteza kipato chake ndani ya miezi kumi na kitu. Shell ilikuwa haijapunguza gawio tangu Vita Vikuu vya Pili vya Dunia; Aprili 2020 ilishuka kutoka senti 47 hadi senti 16. Kraft Heinz, inayouza vyakula ambavyo watu hununua hata hali ikiwa ngumu, ilipunguza gawio mwaka 2019 kutoka senti 62.5 hadi 40, siku ile ile ilipotangaza kwamba thamani ya mali zake imeshuka kwa zaidi ya dola bilioni 15.

Kwa hiyo rekodi ndefu ya kulipa ni ushahidi mzuri, lakini si dhamana. Gawio halilazimishwi na mkataba kama riba ya hati fungani, yaani mkopo ambao wawekezaji huipa kampuni au serikali. Bodi huamua kila mara, na ina haki ya kuamua kutolipa. Tangu kale imekuwa hivyo: Kampuni ya Uholanzi ya Uhindi wa Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1602 na kuwa ya kwanza kuuza hisa zake kwa umma kwa kiwango kikubwa, ilifanya mgao wake wa kwanza mwaka 1610, na sehemu ya mgao huo ililipwa kwa basibasi. Fedha taslimu hazikuwepo za kutosha, viungo vilikuwemo ghalani. Mwanahisa hupata kile ambacho biashara inacho.

Basi utajuaje kama biashara inacho? Mimi huanza na fedha taslimu, kabla ya faida. Faida ya kwenye vitabu ina makadirio mengi ndani yake, lakini gawio hulipwa kwa fedha halisi. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha. Chukua fedha iliyotokana na shughuli za biashara, toa kile kilichotumika kununua mitambo, majengo na vifaa. Kinachobaki ndicho kinachoweza kulipa gawio bila kukopa. Kisha linganisha na gawio lililolipwa. Kampuni ya kawaida inayogawa asilimia 40 hadi 60 ya fedha hiyo ina nafasi ya kupumua mwaka mbaya ukija, na bado inabakiwa na fedha ya kukua. Inayogawa 90 inatembea ukingoni. Inayogawa zaidi ya 100 inalipa kwa kukopa, kwa kuuza mali au kwa kula akiba, na hayo yote yana mwisho.

Kipimo hicho hakifai kila mahali. Mifuko ya uwekezaji wa majengo, kwa mfano, kwa sheria ya Marekani hutakiwa kugawa angalau asilimia 90 ya mapato yake yanayotozwa kodi, na hesabu zake za faida hubeba makato makubwa ya uchakavu yasiyotoa fedha mfukoni. Mabenki nayo yana hesabu za aina nyingine kabisa. Huko tazama kwanza uimara wa mtaji wao, na kama msimamizi wa mabenki anaweza kuwazuia kulipa. Kama hujajua kusoma mizania ya benki, usianze na benki.

Baada ya fedha taslimu, deni. Usitazame ukubwa wake tu. Tazama lini linaiva na kwa riba gani. Kampuni iliyokopa wakati riba iko chini na inayotakiwa kukopa upya wakati riba iko juu itakuta malipo ya riba yamekula kile kilichokuwa gawio. Mwenye kukopesha hulipwa kabla ya mwanahisa, siku zote. Kisha jiulize jambo moja lisilo la hesabu: je, watu watakuwa wakiihitaji bidhaa hii miaka 20 ijayo, na je, kampuni hii inaweza kupandisha bei bila wateja kukimbia? Gawio linalokua hutoka huko. Kampuni isiyoweza kupandisha bei haiwezi kupandisha gawio kwa muda mrefu, hata viongozi wake wawe waadilifu namna gani.

Kuna jambo moja ambalo wapenzi wa gawio hawapendi kulisikia, nami nalipenda gawio. Gawio si fedha ya ziada iliyodondoka. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei yake hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio hilo, kwa sababu fedha imetoka kwenye kampuni ikaja kwako. Anayenunua hisa siku moja kabla ili avune gawio kisha auze, mara nyingi hajapata chochote, na amelipa ada na kodi juu yake. Berkshire yenyewe haijalipa gawio tangu mwaka 1967, na waliokaa nayo hawajutii. Kwa nini basi nalipenda? Kwa sababu linamruhusu mtu kuishi bila kuuza hisa zake wakati bei zimeanguka, na kwa sababu linambana kiongozi wa kampuni: fedha ambayo lazima itoke kila robo mwaka haiwezi kutumika kununua kampuni nyingine kwa majivuno.

Hiyo faida ya kwanza ilionekana wazi wakati wa msukosuko mkubwa. Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009 faharisi ya S&P 500, inayopima bei za hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani, ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Gawio la kampuni zilizomo lilishuka pia, zaidi ya moja ya tano mwaka 2009, lakini halikushuka kama bei. Waliokuwa wameweka sehemu kubwa ya fedha zao kwenye mabenki hawakupata nafuu hiyo. Januari 2009 Bank of America ilipunguza gawio lake la robo mwaka kutoka senti 32 hadi senti 1. Wengi waliamini wamejitandaza kwa sababu walikuwa na benki tano tofauti. Benki tano bado ni sekta moja. Nakushauri usiwe na kampuni moja inayozidi asilimia 5 ya fedha zako, wala sekta moja inayozidi asilimia 20. Hiyo ni kampuni 20 au zaidi, na kwa mtu mwenye kazi ya kutwa nzima ni nyingi kuzifuatilia. Ndiyo maana kwa sehemu kubwa ya fedha zako ningependelea mfuko wa pamoja wenye ada ndogo unaokusanya kampuni zinazokuza gawio. Hisa za kuchagua mwenyewe ziwe sehemu ndogo, za kujifunzia, mpaka uone kwamba unapenda kweli kusoma taarifa za mwaka.

Sasa lengo lako. Dola 500 kila mwezi kwa miaka 20 ni dola 120,000 zilizotoka mfukoni mwako. Zikikua kwa wastani wa asilimia 8 kwa mwaka, na gawio lote likirudishwa kununua hisa zaidi, zinafika kama dola 294,500. Dola zako 10,000 za sasa zitaongeza kama 49,000 juu yake. Kwa gawio la asilimia 4, huo ni mapato ya karibu dola 13,700 kwa mwaka. Asilimia 8 si ahadi ya mtu yeyote. Itakuwepo miaka ya kupoteza asilimia 30, na huenda wastani ukawa mdogo zaidi. Na kumbuka ule mfumuko wa bei: zichukulie 13,700 hizo kwa uwezo wa kununua wa wakati huo, usizilinganishe na mahitaji yako ya leo. Mshahara ukipanda, ile 500 nayo ipande. Kwa maoni yangu hilo lina nguvu kuliko kuchagua kati ya 14 na 3, kwa sababu katika miaka 10 ya kwanza kinachokuza mfuko zaidi ni kile unachoingiza.

Hiyo ndiyo sababu pia ya kutogusa gawio mpaka utakapolihitaji. Gawio la mwaka wa kwanza linanunua hisa chache, hizo nazo zinalipa gawio, na bei zikianguka, fedha ile ile inanunua hisa nyingi zaidi. Aliyeanza kula gawio akiwa na miaka 45 asishangae akifika 60 mfuko haujanenepa.

Kodi usiiache mpaka mwisho. Nchi nyingi hukata kodi ya zuio kabla gawio halijakufikia. Marekani humkata mgeni asilimia 30, isipokuwa kuna mkataba wa kodi na nchi anayoishi; Uingereza haikati kabisa kwa gawio la hisa za kawaida. Gawio la asilimia 3 likikatwa 30 linabaki 2.1. Uliza kiwango kinachokuhusu kabla ya kununua, pamoja na ada ya dalali, maana ukinunua kidogo kidogo kila mwezi ada isiyobadilika hula sehemu kubwa ya kila manunuzi. Katika hali hiyo ni heri kukusanya miezi mitatu ununue mara moja.

Na hizo dola 10,000: kama ndiyo akiba yako yote, usizipeleke zote. Tenga kwanza matumizi ya miezi sita mahali ambapo unaweza kuzitoa siku yoyote. Asiye na akiba ya dharura huuza hisa zake siku mbaya kuliko zote, maana kazi hupotea na bei huanguka katika majira yale yale. Wala usikope ili ununue hisa za gawio, hata kama riba inaonekana ndogo kuliko gawio. Riba haisubiri kikao cha bodi.

Kuhusu kampuni yako ya asilimia 14, sitakukataza kwa sababu ya namba peke yake. Chukua taarifa zake tatu za mwisho za mwaka, upate majibu matatu: gawio limekuwa asilimia ngapi ya fedha taslimu iliyobaki kila mwaka, deni kubwa zaidi linaiva lini, na bei ya hisa ilikuwa wapi gawio lilipokuwa hili hili. Majibu yakiwa mazuri, iweke kwenye ile asilimia 5 niliyoitaja, isizidi. Ukikuta katika miaka miwili kati ya hiyo mitatu gawio limezidi fedha iliyobaki, usinunue sasa. Subiri taarifa inayofuata, uone kama bodi italikata au itaendelea kulilipa kwa mkopo.